Ramani yetu ya majivu: barua ya wazi kutoka milima ya Usambara

Kwa wenye dhamana ya kilimo na mazingira serikalini, kwa wakuu wa vyuo na taasisi za utafiti, na kwa wakurugenzi wa halmashauri zenye wakulima wa milimani.

Waheshimiwa,

Shikamooni mlionizidi umri. Wengine habari za kazi. Naandika kutoka wilaya ya Lushoto, upande wa Mlalo. Nalima viazi mviringo, maharage na karoti, nina mikahawa michache iliyobaki chini ya migomba ya baba, na nimewahi kukaa vipindi viwili kwenye halmashauri ya kijiji. Kwa hiyo nimepokea wageni wengi kuliko magunia.

Siku moja mwezi wa pili, jua la utosi, lilikuja gari jeupe na vijana wanne wenye heshima zao. Tukaitwa uwanja wa shule, tukaombwa tuchore ramani ya kijiji palepale chini, kwa vitu tulivyo navyo. Wanawake wakaenda kuchota majivu jikoni, wakachora mipaka na njia. Mito tukaiweka kwa majani ya mgomba yaliyochanwa. Kila chemchemi inayotoa maji ikawa punje ya hindi, na iliyokauka ikawa punje ya haragwe. Shangazi yangu, ambaye miguu imeshamchoka, aliletewa kigoda, akawa anaelekeza kwa fimbo: weka hapa, sogeza pale. Yakafika maharage saba. Kila moja alilitaja kwa jina la chemchemi yake na wakati alioacha kuchota. Hii niliacha nikiwa na mimba ya kitinda mimba wangu. Hii ilifukiwa na kilima mwaka ule wa El Niño, 1997 kuamkia 1998. Uwanja mzima ukanyamaza. Hata sisi wenyeji hatukuwa tumewahi kuziona zote saba mahali pamoja.

Vijana wakapiga picha, wakainakili ramani kwenye karatasi kubwa kwa kalamu za rangi, wakaikunja, wakaitia garini. Tukapata soda na nauli. Usiku ikanyesha mvua isiyo na msimu. Asubuhi nilipopita uwanjani nilikuta kuku wakidonoa chemchemi.

Hiyo ilikuwa ramani yetu ya tatu. Mbili zilizotangulia nazo ziliondoka hivyohivyo, na kwenye kabati la ofisi ya kijiji hakuna hata moja. Sitamtaja aliyekuja wala alikotoka. Hawakutukosea adabu, na wengi wao ni wanafunzi wanaofanya walichotumwa. Nawaandikia ninyi mnaowatuma, mnaowapa vibali, na mnaopokea mipango inayoandikwa kutokana na majivu yetu.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisi si watu wa kukimbia utafiti. Tumeuzoea tangu enzi za Mjerumani. Mwaka 1892 ofisa mmoja wa kikoloni, Walter von Saint Paul-Illaire, aliokota ua dogo la zambarau katika misitu ya Usambara akapeleka mbegu kwao, na leo ua hilo linakaa kwenye madirisha ya nyumba nyingi Ulaya likiwa na jina lake la ukoo. Mwaka 1902 wakajenga taasisi ya utafiti Amani, huko Usambara Mashariki. Tangu hapo mpaka leo hatujapumzika kuchunguzwa: misitu, mbu, udongo, vinyonga, na sasa mvua. Miaka ya 2010 Lushoto ilikuwa miongoni mwa maeneo ya Afrika Mashariki yaliyoteuliwa na CCAFS, mpango wa kimataifa wa utafiti wa tabianchi, kilimo na uhakika wa chakula. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba maarifa kuhusu milima hii hayapo. Yapo mengi sana, ila hayalali hapa.

Na hapa Mlalo tunajua mpango uliochorwa bila mwenye jembe unaishia wapi. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilituletea mpango wa kuokoa udongo. Wataalamu walikuwa sahihi kwamba udongo unateremka. Hilo kila mtu alikuwa analiona mtoni. Dawa waliyoleta ilikuwa matuta, kwa amri, na asiyelima matuta faini, akikaidi jela. Waliobeba kazi hiyo zaidi walikuwa wanawake, kwa sababu jembe la chakula lilikuwa mikononi mwao, na hakuna aliyewauliza saa hizo watazitoa wapi. Watu wakagoma. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukafa, na TANU ikavuna wanachama kwenye hasira ile. Kule Uluguru mwaka 1955 ilikuwa mbaya zaidi: ngazi za kulimia zilileta juu udongo mwekundu usio na rutuba, watu wa Matombo wakakusanyika kukataa, risasi zikapigwa na mtu akafa. Bibi yangu mpaka anazeeka ukimtajia neno matuta alikuwa anatema mate pembeni. Mtaalamu kijana anayekuja leo na slaidi za kontua, mistari ya kukinga mteremko, hajui kwamba kuna vikongwe pale nyuma wanaosikia jambo lingine kabisa.

Wazee wa Kishambaa wana maneno mawili: kuzifya shi na kubana shi, kuiponya nchi na kuiharibu. Zamani yalisemwa juu ya watawala: mtawala akiwa imara na watu wakaelewana, mvua inanyesha na nchi inapona, wakigombana, nchi inaharibika. Mzungumzaji mmoja kwenye warsha aliita hayo imani za kale. Mimi naona wazee walikuwa wanasema jambo la kiutawala kabisa, kwamba mvua peke yake haileti njaa.

Sasa nije kwenye mipango ya leo, hii ya kuhimili mabadiliko ya tabianchi. Nimesoma miwili mitatu. Imeandikwa vizuri, na karibu yote inasema: pandeni miti shambani, chimbeni makinga maji, wekeni majani ya kushika udongo, tunzeni vyanzo vya maji, tumieni utabiri wa hali ya hewa. Sina ubishi na hata neno moja. Ninachouliza ni swali ambalo sijawahi kulikuta kwenye dodoso lolote: shamba la nani?

Kwenye milima yetu ardhi ni finyu na imegawanywa mpaka ikawa vipande vya mkeka. Watu wengi wanalima cha kuazima: kwa mjomba, kwa jirani aliyehamia Tanga, kwa mzee asiye na nguvu. Sharti la kuazima ni moja na halijaandikwa popote: usipande kitu cha kudumu. Panda maharage, panda mahindi, vuna, rudisha. Ukichomeka mti, umeanza kudai shamba. Ukichimba makinga maji, ama mwenyewe atadhani unajimilikisha, ama utamtengenezea shamba zuri kisha msimu ujao akuambie mwanangu anaoa, naomba nirudishiwe kipande changu. Kijana niliyemwazima robo ekari juu ya nyumba yangu alihudhuria mafunzo ya siku mbili ya kupanda mikabela na kuchimba kontua. Akapata cheti. Jioni akaja kunisalimia, akakaa mlangoni kwa muda, akaniuliza kwa aibu: "Baba, hivi naruhusiwa?" Nikajikuta sina jibu la haraka. Mimi mwenyewe, ninayewaandikia barua hii, nilisita. Nilimwambia apande majani kwanza, miti tutaongea. Hatujaongea.

Hiyo ndiyo sababu makinga maji yanaishia kwenye mashamba ya wenye mashamba, na mteremko mkali zaidi, ule unaolimwa na asiye na kitu, unabaki mtupu. Mvua kubwa ikija, tope linaanzia kule na linamfikia kila mtu. Kwenye ripoti inaandikwa kwamba wakulima wana mwamko mdogo.

Mradi wa SECAP, wa kuzuia mmomonyoko wa udongo na kupanda miti mashambani, ulikuwepo hapa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi 2000 kwa msaada wa Ujerumani, na kuna tuliyojifunza kwao. Walihimiza mistari ya majani ya gwatemala kukata mteremko. Mwenye ng'ombe wa kufugia bandani aliyapenda mara moja, kwa sababu majani ni chakula cha ng'ombe, na ng'ombe ni maziwa na samadi mwaka huohuo. Asiye na ng'ombe aliona mstari wa majani umemla sehemu ya maharage yake. Nenda leo uangalie mistari iliyobaki, kisha chungulia nyuma ya nyumba; mara nyingi utakuta banda. Hilo lingejulikana siku ya kwanza kama mtu angeuliza nani ana ng'ombe kabla ya kuuliza nani anapenda mazingira.

Sheria nayo ina lake. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu za kibinadamu, na zile zinazoweza kudhuru hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Nia njema. Lakini nani aliyepima mita 60 kwenye bonde la Usambara? Sitini huku na sitini kule ni mita 120, na mabonde yetu mengi ya kabichi na pilipili hoho hayafiki upana huo. Yaani ukisimama katikati, bonde zima na sehemu ya kilima ni mto. Bonde hilo ndilo linalolipa ada ya shule. Mkituambia tuondoke tupande juu, juu ndiko kwenye mteremko mliotuambia tusilime. Tunahitaji kukaa chini, bonde kwa bonde, tukubaliane: hapa tunaacha mita kadhaa za mabingobingo na migomba, hapa kwenye jicho la chemchemi hakuna jembe kabisa, na anayepoteza kipande chake apate nini. Makubaliano ya namna hiyo tumeshayafanya wenyewe kwenye chemchemi mbili, kwa sheria ndogo za kijiji, na yanaheshimiwa kuliko bango.

Kuhusu utabiri. Utabiri wa msimu hutolewa kwa kanda, na mkoa wa Tanga umo kwenye kanda ya pwani ya kaskazini pamoja na Dar es Salaam, Unguja na Pemba. Mimi nakaa mahali ambapo mwezi wa saba watoto wanakwenda shule wamevaa masweta mawili, na utabiri wangu uko ndani ya sentensi moja na wa mvuvi wa Pemba. Najua Mamlaka ya Hali ya Hewa inafanya juhudi kushusha utabiri hadi wilayani, na nawapongeza. Ila hata wilaya ni kubwa mno kwa mlima. Ndani ya Lushoto hiihii kuna Mnazi na Lunguza kwenye tambarare ya joto ya Umba, na kuna Shume juu kwenye ukungu. Redio ikisema mvua za wastani hadi juu ya wastani, tunaulizana wastani wa wapi. Sisi hatutegemei masika na vuli tu. Zipo na zile nyepesi za katikati ya mwaka, mluati, ambazo ndizo maharage yetu yanazisubiri, na ndizo zilizoanza kutudanganya. Sijawahi kuzisikia redioni.

Hapa lazima niwe mkweli kwa upande wa pili pia. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wa hali ya hewa walishawahi kukaa na wazee wa Lushoto wanaosoma dalili: miti inayochanua, wadudu wanaohama, upepo unakotokea. Wakalinganisha dalili na vipimo, bila dharau. Na kuna jambo lililofanyika kijiji cha Yamba ambalo mpaka leo nalisimulia. Watafiti walitumia kompyuta kutafuta mahali ambapo hali ya hewa ya sasa inafanana na ile inayotarajiwa Yamba miaka ijayo, kisha wakawapakia wakulima kwenye basi wakawapeleka huko wakaone. Mkulima akaenda kutembelea kesho yake. Akashika udongo, akauliza mbegu, akauliza bei, akaona wenzake wanaishije na mvua chache. Hakuna slaidi inayofika hapo. Huo ndio utafiti tunaoutaka: mtu anarudi nyumbani na jambo la kumwambia mkewe.

Linganisheni na kishikwambi. Juzijuzi nilimsindikiza binti mmoja wa dodoso kwa jirani yangu, mama aliyekuwa anapalilia. Swali: "Kwa kiwango cha moja hadi tano, unakubaliana kwa kiasi gani kwamba mvua zimebadilika?" Mama akaegemea jembe. Akauliza hiyo tatu ni mvua au ni ukame. Binti akacheka, akamsomea tena. Mama akaanza kueleza kwamba vuli siku hizi inakuja kwa kishindo siku nne kisha inakata, mbegu inaota halafu inakaukia, na kwamba yeye sasa anapanda mara mbili, kwanza robo ya mbegu, kisha iliyobaki akiona ardhi imeshika maji kina cha kidole. Alionyesha kwa kidole. Binti alisubiri amalize, akagusa "nne", wakaenda swali la pili. Kishikwambi hakikuwa na mahali pa kuweka kidole.

Sasa maombi yangu.

La kwanza liko mikononi mwa wanaotoa vibali. Mtafiti anatakiwa kupeleka taarifa yake COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Ongezeni anwani moja: ofisi ya kijiji alikofanyia kazi. Kurasa nne za Kiswahili zinatosha, pamoja na nakala ya kila ramani na kila kalenda ya msimu tuliyochora. Na kabla hazijachapishwa zisomwe mbele ya watu ili tuseme hapa umekosea. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi mitatu kwa mujibu wa sheria, na ajenda za kweli hazituzidi. Mtafiti akishindwa kurudi, atume kwa afisa ugani. Afisa ugani wetu anazunguka vijiji vitatu kwa pikipiki ambayo mafuta mara nyingi anajinunulia, lakini atasoma, nitamshikia tochi.

Pili, mipango ya tabianchi ianzie pale mipango ya kijiji inapoanzia. Tuna utaratibu wa kijiji kupanga maendeleo yake kwa kuangalia fursa na vikwazo, O&OD, tumeujaza vitabu. Haiwezekani kijiji kiwe na mpango wake, halafu mradi uje na mwingine, kila mmoja na kamati yake, mwenyekiti akawa na mihuri mingi kuliko majembe.

Na fedha. Monduli, Longido na Ngorongoro, jamii za wafugaji ziliwahi kupewa nafasi kupitia kamati zao kuchagua miradi ya kuhimili ukame ambayo fedha za tabianchi zitagharamia. Kenya walianzia Isiolo, kamati za wadi zikapanga wenyewe, na utaratibu ukaenea kaunti nyingine. Kama mfugaji wa nyanda kavu aliaminiwa kuchagua aanze na bwawa au na kisima, mkulima wa mlimani naye anaweza kuaminiwa kuchagua aanze na korongo lipi. Sisi tungeanza na korongo la nyuma ya zahanati. Kila mtu kijijini analijua, na halimo kwenye mpango wowote niliousoma.

Lile la ardhi ya kuazima sitaki mlifanyie semina. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ipo na hati za kimila zipo, lakini hati ya mwenye shamba haimsaidii mwazimaji. Tunaloweza kujaribu ni karatasi fupi mbele ya baraza la kijiji: mwenye shamba anakubali miti ipandwe, miti ni ya nani imeandikwa, mwazimaji anahakikishiwa misimu kadhaa. Mtuletee mwanasheria kwa wiki moja badala ya mtaalamu wa kontua. Nami nitakuwa wa kwanza kusaini, na yule kijana. Nimeshamwambia.

Nimalizie na shangazi. Mwezi uliopita ilikuja timu ya nne. Uwanja uleule, majivu yaleyale, kigoda kilekile. Safari hii aliweka maharage mawili tu, akajifunga kanga vizuri, akanyamaza. Wageni wakaandika. Nilipomsindikiza nyumbani nikamuuliza, shangazi, mbona mbili, nyingine umezisahau? Akaniambia bila kugeuka: "Sijasahau. Tano ziko kwenye gari lao."

Kwa hiyo mtakapopokea ripoti inayosema kijiji chetu kimepoteza chemchemi mbili, mjue zilikuwa saba. Majina yake ninayo kwenye daftari, kurasa za nyuma, baada ya hesabu ya mbegu. Yeyote atakayeileta ramani ya kwanza nitampa.

Wenu,
Mkulima wa Mlalo, Lushoto